Afrika Kusini haikuangushwa na ndoa hizi

Mjadala wa ndoa za jinsia moja ukianza huku kwetu, hazipiti dakika tano kabla mtu hajasema nchi itakwisha: watoto hawatazaliwa, uchumi utaanguka. Mwenye hoja ya dini simgusi. Lakini akishaingia kwenye uchumi, tunapo pa kutazama, tena si Ulaya.

Afrika Kusini iliruhusu ndoa hizo tarehe 30 Novemba 2006, baada ya Mahakama ya Katiba kulipa Bunge mwaka mmoja kurekebisha sheria. Uchumi wake una matatizo, nani asiyejua? Vijana hawana ajira, mgao wa umeme uliwatesa miaka na miaka, treni za mizigo zinasuasua. Nitafutie mchumi wa pale, hata awe mlokole, atakayekwambia shirika la umeme la Eskom lilizama kwenye madeni kwa sababu wanaume wawili walisaini cheti cha ndoa. Makanisa yasiyotaka kufungisha ndoa hizo hayalazimishwi. Waume na wake wanaendelea kuoana, kugombana na kuachana kama zamani. Na wale wanaotuambia ndoa hizi zitaleta utajiri wa sherehe na watalii nao wapunguze chumvi.

Pesa ipo, ila iko ndani ya nyumba. Mwaka 2005 mwanamume mmoja alifariki bila kuacha wosia. Alikuwa akiishi na mwanamume mwenzake, lakini sheria ya mirathi ilimtambua mume au mke tu, kwa hiyo wazazi wa marehemu ndio waliohesabiwa kuwa warithi. Aliyebaki akaenda mahakamani. Kesi hiyo, Gory dhidi ya Kolver, ilimalizwa na Mahakama ya Katiba Novemba 2006, siku chache tu kabla ya sheria mpya ya ndoa kuanza, na akatambuliwa kuwa mrithi. Mjane yeyote aliyewahi kufukuzwa na mashemeji kabla ya arobaini anaielewa kesi hiyo bila kuhitaji wakili. Uchumi wa ndoa ndio huo: nani anabaki na nyumba, nani analipwa pensheni, nani yumo kwenye bima.

Hasara kubwa ya taifa niliyoiona imetoka Uganda, ambako ndoa hizo zilikatazwa ndani ya Katiba tangu 2005. Mwaka 2023 Rais Museveni alisaini sheria kali dhidi ya mashoga. Agosti mwaka huohuo Benki ya Dunia ikasimamisha mikopo mipya, na Januari 2024 Marekani ikaitoa Uganda kwenye AGOA, mpango wa nchi za Afrika kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Sipendi mkopo utumike kama fimbo, maana anayechapwa ni mwananchi asiyepigia kura sheria yoyote. Mikopo ilikuja kufunguliwa tena 2025, na sheria ikabaki palepale.