Hela ya bando ipo, ya aplikesheni haipo?

Vijana wanaotengeneza aplikesheni huku kwetu wana lalamiko moja, kwamba Mtanzania halipii programu ya simu hata iwe bei ya soda. Na ukikaa pale Makoroboi, hapa Mwanza, kwenye meza ya fundi simu unaona kabisa, mtu anakuja anataka awekewe ile ya kuedit video iliyokrakiwa, yaani iliyochezewa ili isilipiwe, isiyo na matangazo, fundi anamrushia simu kwa simu kwa Xender, anachukua buku mbili yake, mteja huyo anaondoka zake. Sasa hapo hela si imetoka? Imetoka, ila imeenda kwa fundi, aliyeumiza kichwa kuitengeneza hajaona hata senti.

Ndo maana hoja ya kwamba watu hawana hela mimi naikubali nusu tu. Mtu huyohuyo ananunua bando, ananunua umeme wa LUKU wa elfu mbili, analipia kisimbuzi, na hivyo vyote analipa kwanza, vikiisha vinakata, akipata tena anaweka. Anajua mwisho wa hela yake uko wapi. Aplikesheni nyingi zinakuja kinyume, jaribu siku saba bure alafu tuachie kadi tuwe tunakata kila mwezi, na usipokumbuka kufuta ni juu yako. Mama anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba ana M-Pesa, ana Airtel Money, kadi ya benki hana, na hata kama kuna kadi za mtandaoni za kutengeneza humohumo kwenye simu, nani ana muda wa mlolongo wote huo kwa kitu ambacho hajui kama kitamfaa? Hata samaki sato anamfunua mashavu kwanza aone kama hajaharibika, ndo atoe hela. Play Store kurudishiwa hela inawezekana, kwa kawaida ndani ya masaa 48, lakini wangapi wanajua?

Ila na sisi wateja tusijifiche humo. Tumezoea vibaya. WhatsApp yenyewe ilikuwa na ada ya kama dola moja kwa mwaka, ikafutwa Januari 2016, lakini wale walishanunuliwa na Facebook 2014 kwa dola bilioni 19, wana mgongo. Mwanafunzi wa chuo pale Malimbe anayetengeneza kitu chake hana. Google anamdai dola 25 za kujisajili, Apple dola 99 kila mwaka, akiuza wanamkata asilimia 15 mpaka 30, na seva inataka hela mwezi kwa mwezi. Asipolipwa anaweka matangazo, na matangazo yanakula bando lako, kwa hiyo bure yenyewe unailipia tu. Hiyo ya fundi ndo mbaya zaidi, inaweza kuomba ruhusa ya kusoma meseji, na meseji za miamala yako ziko humohumo, kweli unampa mtu usiyemjua?

Nikipima, mzigo mkubwa naupeleka kwa watengenezaji. Weka bei ya wiki, buku au hata jero, ilipiwe kwa namba ya simu, ikiisha iishe mpaka mtu aweke tena mwenyewe, na kabla ya hapo muachie aitumie kazi moja mpaka mwisho aone. Wakishafanya hivyo, anayeendelea kwenda Makoroboi kuwekewa ya kukraki asituambie habari ya ugumu wa maisha, maana buku mbili ya fundi anayo.