Kikabati cha mgonjwa kimejaa juisi

Jumamosi iliyopita nilienda kumuona mama mdogo wodini. Alikuwa na siku ya nne kitandani, kaletwa usiku na bajaji hajitambui vizuri, na kile kimashine cha kupima sukari kwa kutoboa kidole kikashindwa kutoa namba kabisa maana vingi vinaishia 33 na kitu, kwa kipimo cha mmol/L, na yeye alishapita hapo. Wenye wagonjwa wa kisukari nyumbani mnajua hiyo ni hatari ya aina gani, ukikumbuka mtu anaambiwa ana kisukari akikutwa na 7 asubuhi kabla hajala.

Nikamwamkia, akaitika kwa sauti ndogo, marahaba mwanangu, nikakaa pembeni ya kitanda. Ndo nikakiona kile kikabati cha chuma. Juu yake kuna maboksi matano ya juisi, ya lita moja moja, nanasi, embe, embe tena, mchanganyiko, soda mbili za chupa, pakiti ya glukosi, keki na biskuti. Kitanda cha pili kuna mama mtu mzima mguu umefungwa bandeji, kidonda cha kisukari, na mtoto wake anammiminia juisi kwenye kikombe anamwambia kunywa mama upate nguvu. Tena anamwambia kwa upendo kabisa, anamshika na kichwa.

Na mimi mkononi nilikuwa na mfuko, ndani yake kuna boksi la embe.

Sijalala vizuri toka siku ile, ndo maana naandika. Jamani, tunawaumiza watu wetu! Dripu inashusha sukari huku, insulini inachomwa, nesi anakuja kupima kila baada ya masaa, halafu ikifika saa saba muda wa kuona wagonjwa sisi ndugu tunaingia na mifuko tunapandisha upya. Nesi alishasema asubuhi. Alisema mbele ya binti wa mama mdogo kabisa, juisi hapana. Lakini kila anayekuja hajasikia, na binti atamwambiaje mjomba wake katoka Morogoro na nauli yake kwamba ulicholeta hakifai? Anapokea, anasema asante, anapanga juu ya kabati.

Chukua boksi lolote la juisi geuza nyuma usome, nyingi utakuta gramu 10 hivi au zaidi za sukari kwa kila mililita 100, maana yake boksi zima ni gramu 100 na ushee. Kijiko cha chai ni kama gramu 4. Piga hesabu mwenyewe, ni vijiko 25 kwenye boksi moja na pale kulikuwa na matano. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linasema mtu mzima, mzima wa afya kabisa, ingekuwa vizuri zaidi asipite kama gramu 25 kwa siku za sukari ya kuongezwa, na ya kwenye juisi imo humo, hivyo ni vijiko sita. Soda moja ya chupa peke yake inavuka hapo. Sisi tunampelekea mtu ambaye kongosho lake, linalotengeneza insulini ya kushusha sukari, limeshachoka.

Nimejiuliza sana hii tabia tumeitoa wapi na sidhani ni ujinga, naomba nieleweke. Wazazi wetu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Kagera, sukari ilikuwa ya kupanga foleni kwenye duka la ushirika, unapanga toka alfajiri na unaweza kurudi na kilo moja au kurudi mikono mitupu. Mama anasema walikuwa wanakunywa chai kwa kulamba sukari, kijiko kimoja kinazunguka watoto wote. Sasa mtu aliyekulia hapo, ukienda kwake mgeni akakuwekea sukari ya kutosha kwenye chai maana yake amekuheshimu, amekupa kitu chenye thamani. Na ukimpelekea mgonjwa soda na glukosi umempa kitu ambacho zamani ulikuwa huwezi kukipata hata ukiwa na hela. Sukari kwetu ni heshima na mapenzi, ndo maana kuikataa kunauma. Ukisema mi situmii sukari mwenyeji anaona kama umemkataa yeye.

Lakini mambo yamebadilika, sukari sa hivi ipo kila duka la mtaani mpaka ya kupima ya mia tano, na ile heshima imebaki na kipimo kilekile cha wakati wa njaa. Chai ya asubuhi vijiko vitatu, ya jioni vitatu, hapo vijiko sita vyote vya siku vimeisha na hujagusa andazi, hujagusa kitumbua, hujanywa soda ya mchana na ubwabwa. Halafu mtu anakwambia mi sili vitu vitamu.

Najua inawezekana kuacha kwa sababu nyumbani kwangu tuliacha bila kupenda. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024 sukari ilivyoadimika, bei ikapaa mpaka elfu nne na kuendelea kwa kilo, dukani unaambiwa hamna au unapewa robo tu. Tukapunguza kwa lazima, vijiko vitatu vikawa kimoja, watoto wakalalamika wiki ya kwanza mpaka mdogo akawa anaacha kikombe kimejaa. Wiki ya tatu hakuna aliyekuwa anaongelea tena. Nikaanza kuweka tangawizi na mchaichai na mdalasini kidogo, chai ikawa na ladha yake. Sukari iliporudi bei ya kawaida nikamwekea yule mdogo vijiko vitatu kama zamani akasema mama hii chai imezidi. Ulimi unajifunza, tena haraka kuliko tunavyofikiri, ila usikate yote siku moja utarudia, punguza nusu kijiko, kaa wiki, punguza tena.

Kuna watu watanijibu kwamba mgonjwa wa kisukari naye sukari inaweza kushuka. Sawa, nakubali, na ni jambo la hatari kweli. Anayechoma insulini au kumeza vidonge fulani akikaa bila kula anaweza kuanza kutetemeka, jasho la baridi, maneno hayaeleweki, na hapo nusu ya soda au vijiko vitatu vinne vya sukari kwenye maji ndo vinamuokoa, kama bado anaweza kumeza. Weka soda moja ndani kwa ajili hiyo. Moja, na wote nyumbani wajue ni ya nini. Hiyo haifanyi maboksi matano kuwa dawa.

Mwingine atasema nimpelekee nini sasa, siwezi kwenda mikono mitupu. Kweli huwezi na mimi siwezi. Ila hebu ongea na yule anayelala chini ya kitanda kumuuguza, muulize tu kwa utaratibu, mna shida gani? Mimi niliuliza Jumamosi ile na majibu yalinitoa machozi. Hawakuwa na sabuni. Binti alikuwa na siku ya pili hajala cha moto kwa sababu hela yote imeenda kwenye vipimo, anakula zile biskuti za mgonjwa. Boksi la juisi ni kama elfu tatu au nne, maboksi matano hapo ni zaidi ya elfu kumi na tano, hiyo ni nauli na ugali na maharage wa binti kwa siku kadhaa. Peleka maji makubwa ya kunywa. Peleka mayai ya kuchemsha, supu ya samaki kwenye chupa ya chai, karanga mbichi. Peleka chungwa lenyewe, zima, alimenye ale na nyama zake, maana chungwa moja mtu anakula anatosheka lakini glasi ya juisi imekamuliwa machungwa manne na anaimaliza kwa mikupuo miwili na nyuzinyuzi zote zimebaki kwenye chujio. Au peleka elfu tano mkononi kwa anayeuguza. Hakuna atakayekuona mchoyo.

Najua kuna mengine mengi ya kusema kuhusu kula vizuri. Dona badala ya sembe, ndiyo, mahindi yakikaushwa vizuri, kwa sababu sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi, nayo ipo na ile ya Dodoma na Manyara ya 2016 iliua watu, lakini sembe nyeupe imebakiza wanga, kiini na pumba tumewapa kuku. Mchicha usiuchemshe halafu ukamwaga maji. Kibakuli cha chumvi kitoke mezani. Shuka kituo kimoja kabla utembee. Yote kweli na yote yameshasemwa na wengine, mimi leo nina hili la kikabati tu maana hili hatuliongelei, tunaogopa kuonekana tunakataza watu kupenda.

Wanaonitumia meseji za poda za kusafisha kongosho za laki na kitu naomba msinitumie tena. Mama mdogo alinunua mwaka jana. Akaacha dawa za kliniki miezi miwili kwa sababu muuzaji alimwambia poda inatosha, na ndo mwanzo wa yote haya.

Lile boksi langu la embe nilirudi nalo nyumbani, sikulitoa kwenye mfuko. Nikatoka nje ya geti nikanunua maji makubwa, mayai manne na machungwa, nikarudi. Mama mdogo alikula yai moja na nusu. Kuhusu yale matano mengine tuliongea na binti, tukamwomba mjomba kwa simu, nikamwambia shikamoo mjomba, daktari amekataza, tusaidie kuwaambia na wengine ukoo mzima kwenye kundi. Akakaa kimya kidogo, nikaogopa nimemuudhi. Akasema kumbe, mbona hakuna aliyetuambia? Jioni akaandika ujumbe kwenye kundi la familia, wa yeye mwenyewe, kwamba anayekwenda kumuona mgonjwa asibebe kitu kitamu.

Karuhusiwa Jumatano. Juzi nimeenda kwake, majirani wamejaa kumpa pole, na chai imekuja haina sukari, bakuli la sukari limewekwa katikati ya meza kila mtu ajiwekee. Jirani mmoja akaonja akauliza mama, sukari imesahauliwa? Akamjibu, ipo hapo mwanangu, weka unayotaka, mimi ndo nimeacha.