Kiganja Mgongoni

Mke wangu ni fundi cherehani, kwa hiyo usishangae kwamba kabla ya kulia alichukua futi akapima kwanza. Akapima kuanzia ncha ya kidole cha kati mpaka kwenye kifundo, akapima na upana, akaandika kwenye daftari la wateja. Ndipo akalia.

Kilichopimwa ni kiganja. Kiganja kizima, vidole vyote vitano, rangi nyeusi iliyokolea kuliko ngozi yangu, na ngozi yangu yenyewe kwa weusi si haba. Kimegongwa kama muhuri chini ya bega la kulia, mahali ambapo mkono wangu haufiki na macho yangu hayajawahi kufika.

"Kidogo hivi," akasema, anapangusa machozi kwa kitambaa cha mteja. "Hiki kiganja cha mwanamke."

Jamani, mimi nilikuwa Coco Beach, na ushahidi ninao. Jumapili ile maji yamekupwa, vijana wa mtaani tumegawana timu, upande mmoja fulana na upande mmoja vifua wazi, nami na kitambi changu nikaangukia vifua wazi. Jua la saa saba mchana, mwezi wa Januari, lile la Dar es Salaam lisilo na adabu. Hakuna aliyejipaka chochote. Losheni ya jua sisi tunajua ni ya wazungu wanaojianika kwenye vitanda vya hoteli kule Nungwi. Nikafunga goli, kipa wao akiwa anaongea na simu. Goli ni goli. Wakanivamia, wakanipiga makofi ya pongezi mgongoni, na moja nakumbuka lilikuwa limelowa. Nikadhani jasho.

Siku iliyofuata mgongo ukaanza kuchoma. Nikasingizia mchanga. Vikatoka vilengelenge, nikasema upele wa joto huo, nikamwagia poda. Vilipokauka ndipo mke wangu akaja na futi.

Akampigia mama yake. Mama mkwe akaja kutoka Mbagala pamoja na shemeji mkubwa, wakanikalisha kwenye kigoda, shati juu, uso ukutani. Shemeji mkubwa hakupoteza muda: huyu ana mchepuko, na mchepuko wenyewe ana hasira. Mama mkwe akasema hapana, ufukweni mchana kweupe pana wenyewe, mtoto wa watu kapigwa kofi la jini. Mimi nilitamani sana kuwa upande wa jini. Lakini mke wangu akainama na taa ya simu, akauliza, "Jini gani mama, kidole cha mwisho kimepinda?"

Jini likaishia hapo.

Wiki ile kila mwanamke aliyeingia kwa fundi alipimwa kiganja, hata aliyekuja kupunguza gauni kiunoni. Dada mmoja aliuliza kama mtindo mpya unashonwa na glovu zake. Na nyumbani mama mkwe alikuwa amependekeza nisuguliwe kwa dodoki na magadi mpaka kitoke. Tulisugua. Kilichotoka ni ngozi, kiganja kikazidi kung'aa.

Mwishowe nikapelekwa kwa daktari wa ngozi. Nasema nikapelekwa kwa sababu mke wangu ndiye aliyeshika kadi na ndiye aliyejieleza. Daktari, mama wa makamo, akautazama mgongo, akavua miwani, akacheka mpaka nesi akachungulia.

"Nani alikuwa anakamua ndimu?" akauliza.

Akatueleza kwamba ndani ya ndimu mna kemikali inayoitwa furokumarini. Ikibaki kwenye ngozi halafu ikapigwa na mionzi ya jua, ile ya UVA, inaunguza palepale ilipogusa. Ndiyo maana alama hutoka na umbo la kilichogusa: matone, michirizi, vidole. Siku yenyewe huoni kitu. Inaanza baada ya siku moja au mbili, na weusi unaobaki unaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi. Si aleji, inampata yeyote.

"Lakini daktari, sisi weusi jua si letu?" nikajitetea.

"Weusi unakusaidia. Watafiti waliwahi kuukadiria kuwa sawa na SPF 13 hivi kwa ngozi nyeusi, yaani kile kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye losheni ya jua. Sisi tunaandika kuanzia 30. Tena hiyo SPF inapima zaidi UVB, mionzi ya aina nyingine. Hii UVA inapenya mawingu, inapenya mpaka kioo cha daladala. Kwa hiyo tafuta losheni iliyoandikwa kwamba inakinga zote mbili, upake kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Na dodoki likapumzike."

Kisha akamgeukia mke wangu. "Na wewe mama, usoni unapaka nini?"

"Ndimu na asali. Ya kuondoa madoa."

"Unaipaka saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Na hayo madoa yamepungua?"

Kimya. Nitasema ukweli, tangu futi litoke kabatini sijawahi kufurahia kimya cha namna ile. Niliegemea kiti, kiganja kikanichoma, sikujali.

Losheni tuliyonunua ilikuwa ya zinki, na mtu asikudanganye kwamba zinki haionekani kwenye ngozi nyeusi. Nilitoka pale duka la dawa shingo nyeupe, kichwa cheusi, konda akanipa nafasi ya mbele kwa huruma.

Ikabaki swali la daktari. Nani alikuwa anakamua ndimu? Nikiwa kwenye foleni ya daraja la Selander ndipo nikakumbuka: sinia la mihogo ya kukaanga la timu nzima, pilipili, chumvi, na aliyepewa kazi ya ndimu ni shemeji yangu mdogo, kitinda mimba wa mama mkwe. Kijana yule akiwa mdogo alianguka mwembeni akavunjika kidole cha mwisho. Aliyekifunga ni mama yake mwenyewe, kwa kijiti na kipande cha kanga, kikaunga kimepinda.

Akaitwa jioni ileile. Shati langu juu tena, uso ukutani tena. Kiganja kikawekwa juu ya kiganja, kikaingia bila kubaki nafasi hata ya uzi. Mke wangu akapima, akafungua daftari, akalinganisha.

"Pole shemeji," kijana akasema, "mimi nilikuwa nakupongeza tu."

Sikupata nafasi ya kujibu. Mama mkwe alishaudaka mkono ule, anaugeuza huku na huku, anaubonyeza bonyeza, macho yamemtoka.

"Kumbe mkono wa kike wenyewe ni huu? Lijitu zima na ndevu, kiganja laini namna hii? Unafanya kazi gani wewe?"

Akamwonyesha kinu. Kisamvu cha siku ile kilikuwa bado hakijatwangwa.