Vijana wa gemu hawajakitupa Kiswahili

Mwandishi wenu mmoja anasema vijana wanaokesha kwenye gemu na filamu za anga za juu wanakitupa Kiswahili. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Njoo Wete, huku Pemba, baada ya magharibi, ukae barazani na wanangu na wenzao: wanabishana nani hodari, roboti au jini, kwa Kipemba kitupu, na anayeishiwa hoja huchekwa mpaka kahawa ikapoa.

Isitoshe, Kiswahili kimo humo humo wanamocheza! Gemu ya Civilization IV, iliyotoka mwaka 2005, inafunguliwa kwa wimbo "Baba Yetu" wa Christopher Tin, Mmarekani, na maneno yake yote ni ya Kiswahili. Mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, muziki wa kwanza wa gemu kuipata. Mie kila nikiusikia mwili unanisisimka. Na yule Luteni Uhura wa Star Trek, tamthilia ya anga za juu, tangu 1966, jina lake limetokana na uhuru wetu huu huu.

Wahariri, tafadhalini, wapeni watoto hawa ukurasa mmoja waandike hadithi zao za sayari, kwa Kiswahili cha huku kwetu.