Gitaa la Zamani Litengenezwe, Lisipakwe Upya

Kuna watu ambao wakipata gitaa kuukuu, mkono wa kwanza unakwenda kwenye msasa na wa pili kwenye kopo la vanishi. Wanalipenda, sina shaka. Lakini wanaliharibu, na naomba nilisemee hilo.

Ninayo L-50, gitaa la kampuni ya Gibson ya Marekani, ya miaka ya 1930, iliyotengenezwa Kalamazoo, Michigan. Ubao wake wa mbele si bapa: umechongwa ukabinuka kama wa fidla, na badala ya tundu la duara una matundu mawili yenye umbo la herufi f. Umbo hilo la matundu Gibson walilianza kwenye magitaa yao mwaka 1922 na L-5, enzi za mbunifu wao Lloyd Loar. Aina hiyo hiyo ya L-5, toleo la 1928, ndiyo aliyoipiga Maybelle Carter, mwanamuziki wa country wa Marekani, karibu maisha yake yote.

Langu nililikuta na ufa wa urefu wa kiganja chini ya tundu moja. Shingo ilikuwa imevutika mbele, nyuzi zimepanda mpaka vidole vinauma. Na kuna mtu, miaka mingi nyuma, alikuwa amemimina gundi ya kisasa kwenye kiungo cha shingo.

Gundi ile iliniuma kuliko ufa. Mafundi wa zamani walitumia gundi inayopikwa kwa ngozi za wanyama. Ukiipelekea joto na mvuke inalegea, unaitoa shingo, unarekebisha pembe yake, unaigandisha tena. Waliounda gitaa walijua kwamba siku moja litafunguliwa. Aliyemimina gundi ya kisasa aliufunga mlango huo, na fundi wangu alihangaika siku tatu akiikwangua kidogo kidogo kwa patasi nyembamba kama jani.

Pembe ya shingo kwenye gitaa hili ni jambo kubwa. Daraja lake, kile kipande kinachobeba nyuzi, halikugandishwa popote. Limekaa usoni kwa mgandamizo wa nyuzi tu, zinazopita juu yake kwenda kushikwa na chuma kilichofungwa mwishoni mwa kiwiliwili. Pembe ikikosewa, mgandamizo unapungua na sauti inafifia. Ikikaa sawasawa, sauti inatoka kavu, ya haraka, inapenya katikati ya tarumbeta. Freddie Green alijiunga na bendi ya jazz ya Count Basie mwaka 1937, na alipofariki mwaka 1987 bado alikuwa mpigaji wake, akishika mapigo kwa gitaa la aina hii bila umeme.

Sasa turudi kwenye vanishi. Mtu huniuliza: mbona gari la zamani linapakwa rangi mpya na watu wanashangilia? Gari haliimbi kwa bodi yake. Ubao wa gitaa ndio unaotetemeka. Ukiupiga msasa unaupunguza unene ambao mchongaji aliupima kwa mikono yake, ukiupaka koti zito unaubebesha mzigo. Hata wanunuzi wanalijua hilo: gitaa lililopakwa upya bei yake inaporomoka.

Kwa hiyo tuliziba ufa, tukatia vipande vidogo vya mbao ya sprusi kwa ndani kuushikilia, tukabadilisha freti zilizolika, yaani vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, basi. Vanishi ya kahawia iliyopasuka nyufa laini kama udongo mkavu imebaki. Pale mkono wa kulia ulipozoea kuegemea imelika hadi mbao inaonekana, na pameachwa vilevile.

Siku ya kulichukua, fundi alinipa na bahasha mbili. Moja ina freti za zamani, zote. Nyingine ina vipande vya kile kibao cha seluloidi kinachokinga uso dhidi ya mikwaruzo. Kilikuwa kimeanza kuoza na kumeguka. Hiyo ya pili nimeiweka kwenye rafu, mbali na kasha la gitaa, kwa sababu seluloidi ikioza hutoa hewa inayokula vyuma.