Dakika tatu za kibaoni zinatoka wapi?

Mpwa wangu anasoma nje, kwenye mji wenye treni za chini ya ardhi. Juzi kanipigia akiwa stesheni, hasira zimempanda: "Mjomba, hiki kibao kinasema treni bado dakika tatu, na mimi nimesimama hapa dakika tisa!" Nilicheka mpaka abiria wenzangu kwenye daladala ya Igoma wakageuka.

Mimi kungoja treni nimejifunzia Mwanza. Ukienda stesheni kumpokea shangazi anayetoka Tabora, huulizi dakika. Unamwendea mama muuza chai: "Mayu, imefika wapi?" Naye anapuliza mkaa wake, hakutazami hata kidogo: "Imetoka Malampaka saa mbili kasoro." Basi. Yaliyobaki unahesabu mwenyewe: Malya, Bukwimba, Mantare, Fela. Ukiona muda upo, unaagiza chapati.

Mama anakupa alichosikia. Kibao kinakupa ubashiri, halafu hakikwambii kwamba kinabashiri. Hapo ndipo ugomvi wangu nacho ulipo.

Wengi tunadhani kompyuta inaiona treni. Kwenye mifumo mingi, reli imegawanywa vipande, na mitambo inatambua tu kwamba kipande fulani kina treni. Iko mwanzoni mwa kipande au mwishoni? Inakwenda au imesimama kwenye taa nyekundu? Programu inajazia kwa mwendo wa siku za kawaida. New York, kwenye njia nyingi zinazoitwa kwa herufi, miaka ya 2016 na 2017 walianza kutumia bluetooth: vifaa vya stesheni vinanasa treni inapoingia na inapotoka. Ikishatoka, mpaka stesheni ya pili, ni hesabu tupu. Ikikwama katikati ya handaki, kibao kinaweza kuendelea kuhesabu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Stesheni ya mwanzo wa safari nayo ina vituko vyake. Treni haijang'oka, kwa hiyo hakuna mwendo wa kupima. Programu inachukua saa ya kwenye ratiba na kuibandika. Dereva akichelewa, au safari ikifutwa na aliyeifuta asiingize taarifa kwenye mfumo, treni inabaki kibaoni, inasogea dakika kwa dakika, inafika sifuri, inapotea. Sisi tuna wafanyakazi hewa, wenzetu wana treni hewa.

Na angalia siku yenyewe. Mambo yakienda sawa, treni zikipita kila baada ya dakika nne, nani anahitaji kibao? Tunakihitaji siku reli imeharibika, na siku hiyo ndiyo mazoea ya programu hayafai. Mwongoza treni ana treni tano zimefungana. Anaamua hii isubiri, ile ipite njia nyingine. Uamuzi uko kichwani mwake na kwenye redio. Kibao kitaupata baadaye, kikiupata. Simlaumu, ningekuwa mimi, kibao kingekuwa cha mwisho kukumbukwa.

Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, iliwekewa jiwe la msingi 2021. Ikianza kubeba abiria, bila shaka vibao vitang'aa kila stesheni. Ombi langu ni dogo: viseme kama mama wa chai. Mstari wa kwanza, treni ilionekana wapi mara ya mwisho na ni dakika ngapi zimepita. Wa pili, makadirio. Abiria akiona taarifa ina dakika kumi na mbili haijabadilika, atajua mwenyewe pana tatizo, na ataamua kama atapanda bodaboda.

Nilimweleza mpwa wangu wazo hili. Akasema kibao hakina nafasi ya maneno yote hayo. Nikamwuliza kwani sasa hivi kinaonyesha nini. Akanyamaza kidogo, kisha akajibu: "Tangazo la soda, mjomba."