Stelingi Nani?

Utotoni kwetu Tanga sinema tulikwenda kuiona kibanda umiza: mabenchi ya mbao, turubai juu, televisheni moja, na joto lisilo na pa kutokea. Aliyechelewa hakuuliza sinema inahusu nini. Alimwinamia jirani yake sikioni, akanong'ona, "Stelingi nani?" Akishaonyeshwa, ametulia. Hata kama nusu ya sinema imeshapita, amepata mtu wa kumfuata. Swali la pili lilikuwa adui ni yupi. Sikumbuki hata mara moja kumsikia mtoto akiuliza dhamira.

Kisha tukafika kidato cha tatu, tukafundishwa kuuliza. "Jadili dhamira, ukitoa hoja tatu kutoka katika kila kitabu." Tukakariri: rushwa, nafasi ya mwanamke, ujenzi wa jamii mpya, mapenzi na ndoa. Sina ugomvi na walimu wangu, mtihani ndio uliotaka hivyo. Ila naamini mazoea yale tumetoka nayo darasani tukayapeleka mpaka kwenye kuandika filamu, na yametugharimu. Msomaji huifikia dhamira mwishoni, akishaishi na watu wa kwenye kisa, akawapenda na kuwakasirikia. Mwandishi anayeanza nayo huwa ameshajua jibu kabla hajakutana na mtu yeyote wa kumuuliza.

Hili nimelijua kwa kulitenda. Miaka kadhaa iliyopita nililipwa kuandika filamu fupi kuhusu ndoa za utotoni. Nilikabidhiwa karatasi yenye ujumbe saba, na kila mmoja ulitakiwa usikike. Nikaweka msichana anayetaka kusoma, baba mwenye tamaa ya mahari, mwalimu mwenye huruma, na mwenyekiti wa kijiji anayetokea wakati unaofaa. Kila kilichosemwa mle kilikuwa kweli na bado nakiamini. Tulipoionyesha kijijini, watu walitazama kwa adabu, wakapiga makofi, wakaenda zao. Hakubaki hata mmoja wa kubishana nasi. Msichana wangu hakuwa na woga wake mwenyewe, hakuwahi kudanganya, hakuwa na rafiki wa kumwonea wivu wala wimbo aliopenda kuuimba akichota maji. Na baba yake ndiye aliyeniuma zaidi baadaye. Pale uwanjani walikaa wanaume waliokwisha kupokea mahari ya mabinti wadogo. Wakamtazama yule baba katili, wakaona si wao. Wao wanawapenda watoto wao. Filamu nzima ikawapita pembeni.

Najua wapo watakaosema tatizo langu lilikuwa msuko, kwamba kisa kikisukwa vizuri mtazamaji hatoki kitini. Wanaye mtetezi mkubwa. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, aliitaja sehemu sita za tanzia, yaani mchezo wa huzuni, akaweka msuko wa kwanza na kuuita roho ya tanzia, mhusika wa pili, fikra, iliyo karibu na dhamira, ya tatu. Kwa hiyo hata yeye hakuipa dhamira kiti cha mbele, na hapo niko naye. Kwenye nafasi ya kwanza ndipo tunapoachana: mimi namweka mhusika. Yeye alizungumzia jukwaa la Kigiriki, ambako waigizaji walivaa vinyago na maelfu ya watazamaji walikaa mbali, kwenye ngazi za mlima. Kwa umbali ule, utamjua mtu kwa analotenda tu. Kamera imetusogeza mpaka kwenye kope. Mama akiambiwa habari mbaya akaendelea kupepeta mchele, tunaiona mikono ikipunguza kasi. Hakuna tukio lililotokea, na kila kitu kimeshatokea.

Mfano ninaourudia ni Nairobi Half Life ya Kenya, iliyotoka mwaka 2012 chini ya uongozaji wa David "Tosh" Gitonga. Ukitaka kuijibia mtihani, dhamira zimejaa: umaskini, uhalifu wa mjini, polisi wabovu, vijana wanaokimbia vijiji. Lakini sinema haianzi na lolote kati ya hayo. Inaanza na Mwas, kijana anayeuza filamu kijijini na kuwaigizia wateja vipande vya mapigano ili wanunue. Anataka kuwa mwigizaji, kwa hamu inayomtoka hata mwilini. Anafika Nairobi, siku ya kwanza anaibiwa, anakamatwa, analazwa rumande, na humo ndimo anamopata rafiki atakayemwingiza kwenye wizi wa vipuri vya magari. Huku anaiba, huku anafanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani.

Tazama jinsi vitu hivi vilivyofungamana. Kipaji kile kile cha kujifanya mtu mwingine ndicho kinachomfaa jukwaani na ndicho kinachomfaa mtaani. Hakuna anayemsukuma Mwas kutoka tukio hadi tukio. Anajisukuma mwenyewe, kwa sababu ya alivyo na anachokitaka. Mweke kijana mwingine mahali pake, mwenye hamu ya kufungua duka tu, na matukio yote yanavunjika. Mimi kipimo changu cha msuko ni hicho: mwondoe mhusika, mweke mwingine, na kama mambo yanakwenda vile vile basi msuko haukuwa wake. Anapofika jukwaani mwishoni, akitoka kushuhudia wenzake wakifa, tunaijua Nairobi kuliko ambavyo hotuba yoyote ingetueleza, na hakuna aliyetuambia tujifunze nini.

Nisiwaonee wanaoandika kwa kuagizwa, maana mimi ni mmoja wao na kazi hizo ndizo zinazotulisha wengi. Ipo Neria ya Zimbabwe, ya mwaka 1993, iliyoongozwa na Godwin Mawuru kutokana na kisa cha Tsitsi Dangarembga. Ilitengenezwa makusudi ili kuzungumzia haki za wajane. Patrick anakufa, na kaka yake Phineas anaanza kubeba mali kwa jina la mila. Hapo ungetegemea mjane akimbilie mahakamani dakika ya ishirini, na sheria ielezwe kifungu kwa kifungu. Neria hakimbilii. Anawaheshimu wakwe, mila za kwao hazidharau, anavumilia kuliko ambavyo mtazamaji anaweza kuvumilia. Ukikaa na watu wanaoitazama utawasikia wakimhimiza kwa sauti, "Amka, mama!" Rafiki yake anamshauri, yeye anasita. Ni pale Phineas anapogusa watoto ndipo anaposimama. Dhamira iliamuliwa na waliotoa fedha, ila kusita kule ni kwa Neria peke yake, na bila kusita kule ingekuwa semina.

Kuhusu msuko wa filamu zetu za Kiswahili nitasema kwa ufupi, maana wengi wamekwisha kusema. Zamani za diski, kisa kimoja kiligawanywa Sehemu ya Kwanza na ya Pili kwa sababu za biashara, kikavutwa mpaka kikakonda: gari linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, mtu anashuka, anabonyeza kengele. Lawama zikaangukia msuko. Mimi nadhani muda ule ungejaa vizuri kama mtu aliyemo garini angekuwa na jambo moyoni. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili nazo zinakwenda polepole, tena sana, na bado majumbani watu wanawazungumzia waliomo kama wapangaji wa chumba cha pili.

Siku hizi Jumamosi nasoma skripti na vijana wanne wa hapa Tanga. Walikuja na kisa cha dawa za kulevya. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa: DHAMIRA, VIJANA WAEPUKE DAWA ZA KULEVYA. Stelingi ni teja, anaiba, anapigwa, anakufa. Nikawauliza mama yake anamwitaje akiwa na furaha naye. Kimya. Nikauliza ni kitu gani mle ndani hajakiiba bado, na kwa nini. Kimya tena, lakini mmoja akaanza kuandika.

Wakarudi baada ya wiki mbili. Sasa kijana ameshauza redio, feni, masufuria, hata vitenge vya mama. Kilichobaki ni cherehani, ambayo mama alishonea sare zake zote za shule. Usiku mmoja arosto, yale mateso ya kukosa dawa, imemshika, mwili unatetemeka, anaibeba cherehani mpaka mlangoni. Anasimama nayo gizani. Anairudisha.

Alfajiri mama anaamka kuswali, anaona cherehani imesogea kidogo tu, alama za miguu ya cherehani kwenye vumbi haziko pale ilipo sasa. Anajua. Anakaa, anaanza kushona.

Vijana wamekwama hapo. Mmoja anataka mama aseme, kwa sababu akinyamaza atakuwa amemwachia mwanawe afe. Binti aliye kwenye kundi anasema mama akisema lolote, mwanawe ataona aibu na hatarudi tena, na kwamba yeye kwao ameliona hilo. Jumamosi iliyopita walibishana mpaka adhana ya magharibi, tukafunga chumba bado wanabishana njiani.